Ufunguo Mmoja, Makufuli Mawili

Haya, nitegulie hiki: ufunguo ni mmoja, makufuli mawili. Ukiingia hili, watumishi wa ndani wanapunguza kazi. Ukiingia lile, wanazidisha. Nyumba gani hiyo? Huna? Basi nipe mji, nikuhadithie.

Bwanausi wa Dunda alichaguliwa kusoma maulidi, jambo alilolitamani tangu ujana. Siku ikafika, na mzee yuko barazani amejikunyata, anataka kumwachia mwingine. Kila akitia udhu, miguu haijakauka, haja ndogo imeshamwita.

"Utasoma au husomi?" mkewe Mwajabu alimuuliza.

Mzee akajimiminia kahawa nyingine, kujiliwaza.

Mara akaingia mjukuu wao Raya, anayesomea dawa Dar es Salaam. "Shikamoo babu. Mbona kama umefiwa?"

"Marahaba. Figo zangu zimechoka, mjukuu wangu."

"Si juzi wamekupima wakakukuta mzima? Hicho kikombe cha ngapi?"

"Nani ahesabu?" alidakia Mwajabu. "Birika hilo ndilo mke mwenzangu!"

Raya akacheka, akakaa mkekani. "Sikiliza, babu. Figo ikifanya kazi sana, hutoa kitu kinaitwa adenosini. Huo ndio ufunguo. Kwenye chembe za figo kuna vipokezi, ndiyo makufuli. Ukiingia kipokezi cha aina moja, kimeng'enya kilichomo ndani, yaani mtumishi wake, kinapunguza kazi. Ukiingia cha aina nyingine, kinazidisha. Hivyo ndivyo figo inavyojipimia mwendo."

Mwajabu, aliyekaanga figo za mbuzi miaka yote akidhani ni kitoweo tu, alishika tama. "Subhanallah! Kitu cha kujaa kiganjani, kina milango na watumishi, tena wanaotii! Mimi wangu humu ndani hata kuitika haitiki."

"Na kahawa?" mzee aliuliza taratibu.

"Kafeini yake inafanana kidogo na ule ufunguo. Inaingia kwenye tundu, haizungushi kitu, inaziba tu. Amri haifiki, figo inaachia chumvi na maji. Ndiyo maana udhu wako haukai."

Mwajabu alimtazama mumewe kama anamwona upya, mzee mzima mwenye maajabu mawili kiunoni asiyoyajua.

"Basi nijibu. Utasoma au husomi?"

Bwanausi akalisogeza birika mbali.

"Nipigie pasi kanzu, mke wangu. Nitasoma. Kahawa tutakunywa baada ya dua."