Saa Iliyokufa

Jambo ambalo Lusajo hakulitambua ni kwamba jibu alikwisha kupewa mapema, na aliyempa alikuwa ameshika dekio.

Kila asubuhi, kompyuta ya masijala katika ofisi yao ya mbegu za pamba mjini Bariadi iliwaka na ujumbe uleule: tarehe si sahihi, mipangilio imepotea. Lusajo, mtaalamu wa kompyuta aliyehamia kutoka Mbeya, alirekebisha tarehe, akafuta programu, akaziweka upya. Kesho yake ujumbe ulirudi.

"Mwangaluka, baba," Kabula, mama wa usafi, alimwamkia kwa Kisukuma. "Saa yake imekufa hiyo. Nikichomoa waya jioni, asubuhi inaamka imesahau."

Lusajo alitupia jicho saa ya ukutani, ambayo kweli ilikuwa imesimama. "Waambie stoo wakupe betri," akajibu, bila hata kuitikia salamu.

Wiki ya tatu Kabula aliondoka mchana kwenda msibani Nyashimo. Asubuhi nne zilizofuata kompyuta iliwaka bila kulalamika. Aliporudi, na ujumbe ukarudi. Lusajo akaona amepata ushahidi. Alimwandikia mkuu wa ofisi barua ya aya tatu, isiyo na kosa hata moja la kisarufi, kwamba mfanya usafi anachezea vifaa. Mkataba wa Kabula ulikuwa unaisha mwezi huo.

Mkuu, Bi Rahel, akawaita wote wawili.

"Ulikuwa unagusa nini, Kabula?"

"Waya tu, mama. Si uliagiza tuchomoe kila jioni kwa ajili ya radi? Na huyu baba nilimwambia saa imekufa. Akanituma stoo nichukue betri."

"Ukapewa?"

"Nikapewa. Nikaweka ukutani. Inatembea vizuri sana."

Bi Rahel alicheka mpaka akavua miwani. Lusajo hakucheka. Alikwenda masijala, akafungua mashine mbele yao, akabandua betri ya duara, ndogo kama sarafu, ile inayoitunzia kompyuta saa yake umeme ukikatwa. Aliipima. Ilikuwa imekwisha.

"Ulijuaje, mama?"

"Ndani sijui kitu, baba. Niliona tu kila asubuhi inaandika mwaka ambao mwanangu Minza alikuwa hajazaliwa."

Lusajo aliomba arudishiwe barua yake.

"Imeshapewa namba kwenye faili," alisema Bi Rahel. "Humu karatasi haichomolewi kama waya. Andika nyingine."

Aliandika hapohapo, kwa mkono, mistari miwili: kwamba Kabula hakukosea, na kwamba yeye hakumsikiliza. Mistari hiyo ilimtoa jasho kuliko zile aya tatu.

Mkataba wa Kabula uliongezwa. Barua zote mbili bado zimo kwenye faili, zimefuatana. Siku hizi Lusajo huitikia salamu kwanza, kisha humuuliza anayeitumia mashine ameona nini, ndipo anapoigusa.