Mpira wa Mlango wa Nyuma

Mlango wa nyuma wa ndege ile ulikuwa umeanza kupiga mluzi, na mhudumu mkuu alikuwa amechoka kuulalamikia. Wenzake walimwita Bi Mkanda, kwa jinsi alivyowaandama abiria wafunge mikanda. Fundi mkuu wa karakana alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na kila alipoulizwa alijibu lile lile.

"Mpira wa kuziba mlango umekakamaa, shemeji, najua. Mpya umeagizwa. Kwani mluzi umeshamuua nani?"

Karakana nzima ilimwita Itafika, maana ndege yoyote uliyomuuliza, alisema itafika tu. Hakuwa mtu mbaya. Mwenye shirika lile la ndege alitaka ndege zake ziwe angani, na fundi aliyezoea kusema "hii haiendi" hakudumu pale.

Siku moja Itafika naye alisafiri kwa ndege ile, anakwenda kumwona ndugu mgonjwa. Alipata kiti safu ya mwisho, karibu kabisa na mlango wenyewe, kando ya bibi mmoja ambaye hajawahi kupanda ndege.

"Leo utausikia mwenyewe," Bi Mkanda alimwambia, akimkagua mkanda.

"Mimi nalala zangu," akajibu, akacheka.

Walipofika juu kabisa, mluzi ukapanda ukawa ukelele. Kisha mpira ukapasuka kwa kishindo. Masikio yakaziba, ukungu mweupe ukajaa ndani, vikombe na magazeti vikaruka kuelekea nyuma. Vifuniko vya juu vikafunguka, barakoa za hewa zikaning'inia mbele ya nyuso za watu.

"Vuta kwako! Funika pua na mdomo!" Bi Mkanda alipiga kelele, kisha akajivika barakoa ya chupa ya hewa ya kubebea. Ndege ikainamisha pua. Rubani alikuwa anawakimbiza chini kwenye hewa ya kutosha.

Safu ya mwisho, juu ya shemeji yake na yule bibi, kifuniko kilikuwa kimefungwa vile vile. Bi Mkanda akachomoa pini ya nywele, akachokoa kitundu cha kufungulia. Wapi! Pembeni ya kifuniko palikuwa na gundi iliyokauka.

"Tulikigandisha," Itafika alisema, ulimi umeshakuwa mzito kwa kukosa hewa. "Kilikuwa kinafunguka chenyewe." Kisha akatabasamu kama mlevi.

Upande wa pili wa njia ilining'inia barakoa moja ya ziada, mbele ya bwana mmoja mnene. Bi Mkanda akamfungua bibi, akamkokota, akambwaga mapajani kwa yule bwana.

"Mpakate! Mshike sana!"

Yule bwana akamkumbatia bibi kama mtoto, naye Bi Mkanda akambana bibi ile barakoa ya ziada usoni.

Alipogeuka, midomo ya shemeji yake ilikuwa ya bluu. Hapo ndipo hasira ilipompanda. Wazo likampitia: muache aionje kazi ya mikono yake. Halikukaa, lakini lilipita, na baadaye halikumtoka akilini. Alivuta pumzi mbili, akavua barakoa, akamvisha. Akamhesabia, akamnyang'anya, akavuta zake, akamrudishia. Waliendelea hivyo, huyu akivuta yule akisubiri, mpaka ndege ikatulia kwenye anga ya chini na rubani akatangaza kwamba wanaweza kupumua bila barakoa.

Walitua uwanja wa karibu. Hakufa mtu. Wengine walitoka damu masikioni, na bibi akakataa kushuka mapajani kwa yule bwana mpaka ndege isimame kabisa. "Sasa mume wangu asisikie haya," alisema, na watu waliokuwa wakilia wakacheka.

Kabla wachunguzi wa ajali hawajamwita Bi Mkanda, dada yake alimjia nyumbani.

"Useme hukuona gundi."

"Dada, nimeichokoa kwa mkono wangu."

"Yule ni baba wa watoto wangu. Damu nzito kuliko maji."

"Na yule bibi je, si mama wa mtu?"

Dada aliinuka, chai hajaigusa.

Bi Mkanda alisema yote. Wakamuuliza, mbona yeye mwenyewe aliendelea kuruka na mlango ule? Alidhani kulalamika kunatosha, akasema. Itafika alinyang'anywa leseni, ndege zote za shirika zikazuiwa zikaguliwe, na mwenye shirika akapelekwa mahakamani. Bi Mkanda naye akakaa bila kazi, na dada yake akawa hapokei simu zake.

Dada hao wawili walikutana tena kwa mama yao, mama alipougua. Itafika, ambaye sasa alitengeneza pampu za maji, alimfuata Bi Mkanda barazani, akaketi kando yake.

"Shemeji, siku ile ulivuta kwanza wewe, au ulinipa mimi?"

"Nilivuta mimi."

"Ulifanya vizuri." Akakuna kidevu. "Ingekuwa mimi ndiye mwenye chupa, sijui kama ningekurudishia."

Bi Mkanda alitaka kumwambia kuhusu lile wazo lililompitia, lakini sauti ya dada yake ikatoka jikoni, kali kama zamani:

"Nyie mliokaa huko! Mmoja aje anishikie sufuria hii, inaniunguza!"

Wakainuka wote wawili.