Sikio la Upande wa Kapteni

…na hedseti hii nayo inabana, inabana palepale kwenye mfupa wa nyuma ya sikio ambapo hijabu imekunjwa mara mbili, angevaa kile kitambaa chembamba cha pamba isingebana, lakini nani ana akili ya kuchagua kitambaa alfajiri, na sasa safari nne ziko mgongoni, Dublin kwenda na kurudi, Jersey kwenda na kurudi, na badala ya kwenda kulala nyumbani kwa mama yake Lozells amekuja kuketi hapa Aston, Birmingham hiihii, ghorofani juu ya karakana ya vioo vya magari, kwenye kiti kilichong'olewa katika ndege iliyostaafu, avae hedseti, avue, avae nyingine, kama mtoto anayepimishwa viatu vya Idi, na Landry yuko kushoto kwake, kwa nini lazima awe kushoto, dunia nzima siku hizi inapenda kusimama kushoto kwake, midomo ya Landry inakwenda na Ubah anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, maana kutikisa kichwa hakuna kazi na mtu akishatikisiwa kichwa mara mbili huridhika akaendelea na yake… "muzuri, eh? Bon. Sasa naweka makelele," na hilo amelisikia kwa kuwa Landry amemgeukia, na vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati vinaanza kuvuma, upepo unaokwaruza pua ya ndege, feni za hewa, ule mvumo usio na mwanzo wala mwisho ambao Ubah amekaa ndani yake miaka kumi na miwili, Landry aliurekodi mwenyewe, fundi wa redio aliyetoka Lubumbashi akapita Ubelgiji, anayajua masikio ya marubani wa mji huu kuliko daktari wao, anaonyesha kwa kidole, bonyeza hapo, Ubah anabonyeza, na kelele inazama, inazama yote, hata ule mngurumo wa uwanja wa mpira ulio mtaa wa pili, ambako leo watu wamejaa mpaka amekosa pa kuegesha gari, umekatika, na katika kimya hicho, ndicho alichokuwa akikiogopa alipokuwa anapanda ngazi zile, unabaki ule mlio wake, mwembamba, wa birika lisiloipuliwa, ndani ya sikio la kushoto, mlio ambao hakuna hedseti itakayouzima kwa sababu hautoki nje.

Alhamisi. Leo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, siku tano tu, Alhamisi saa nne asubuhi ataingia kwenye kile kibanda cha daktari wa marubani, atavalishwa vidude masikioni, atapewa kitufe mkononi, kila usikiapo mlio bonyeza, na akipita, Septemba anahamia kiti cha kushoto, mistari minne begani, Kapteni Ubah Tahlil wa Isiolo, na asipopita… mara ya mwisho hakupita, tuseme ukweli maana humu kichwani hamna wa kumsikia, mara ya mwisho aliiba, kioo cha kibanda kilikuwa kinaonyesha kiwiko cha nesi, kila nesi alipobonyeza mashine kiwiko kilinyanyuka kidogo, na Ubah akawa anakisikia kile kiwiko kwa macho, akatoka na cheti, akaketi ndani ya gari akalia, halafu akapaka wanja upya akaenda kurusha ndege yenye watu mia moja na themanini, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Mama yake amekwisha utangaza ukapteni mpaka kwa muuza nyama, hooyo Samsam huyo, ukimwambia siri umeiambia Lozells yote, na ni mama huyohuyo aliyesema siku ya Idi, mbele ya wageni, "Huyu siku hizi ana kiburi, nakuita mara tatu huitiki, mistari ya begani imekuziba masikio?" na watu wakacheka, na Ubah akacheka nao, afadhali kiburi, kiburi hakipimwi na daktari, lakini ilimuuma, na bado inamuuma, kwamba mama yake anamdhania amekuwa mtu wa namna hiyo na yeye amemwacha adhani.

Landry amezungusha kidole hewani, anataka ajaribu vidude vya kupandisha na kushusha sauti, hii hedseti kubwa ina viwili, kimoja cha kila sikio, ile nyingine pale mezani ni nyepesi kama hakuna kitu, vijipira viwili tu vinavyoingia masikioni chini ya hijabu, haibani, haitoi jasho, ukiivaa saa nane husikii uzito, lakini kidude chake cha sauti ni kimoja kwa masikio yote mawili, na hapo ndipo ilipokwisha kazi yake, maana Ubah hakuja hapa kutafuta wepesi, tangu alipokuwa anapanda ngazi alikuwa anajua anataka kitu gani, anataka hicho kidude cha kushoto, akizungushe mpaka mwisho, anakizungusha sasa, polepole, na sauti ya redio ya majaribio inafufuka upande uliokuwa umekufa, ya mbali, yenye mchanga ndani yake, lakini ipo, ipo. Miaka yote hii alikuwa kiti cha kulia na Kapteni Gurnam kushoto, na Gurnam ndiye aliyemfundisha tangu wiki ya kwanza, "Sikiza, msichana wa Isiolo, sikio moja la redio, sikio moja la mwenzako, hiyo ndiyo adabu ya hii kazi," kwa hiyo hedseti ya zamani inavaliwa nusu, sikio la kulia limefunikwa lisikilize redio, la kushoto linaachwa wazi limsikilize kapteni, na marubani chungu nzima hufanya hivyohivyo, hakuna aliyemdanganya, ila sikio lililoachwa wazi halichagui, linameza na kapteni na upepo, miaka kumi na miwili limekuwa likimeza upepo, na Septemba akihamia kiti cha kushoto mambo yatageuka, wa kumsikiliza atakuwa kulia, na redio itabaki kwenye hili bovu, ndiyo maana ya kidude, kidude hiki kingemvusha hata miaka kumi, nani angejua, na wazo hilo badala ya kumfurahisha linamchosha, kwamba amekwisha panga uongo wa miaka kumi akiwa bado hajala chakula cha mchana.

Gurnam kwanza, maskini, mzee wa Kisumu, mwezi ujao anastaafu, kilemba chake cha buluu kilichopigwa pasi na hedseti imekaa juu yake kwa adabu, naye masikio yamemwisha, Ubah ameliona hilo tangu mwaka jana, maana mzee siku hizi anapiga kelele, aliyekuwa akisema kwa sauti ya mtu aliye msikitini, au tuseme gurdwara, hekaluni kwao, sasa akitaka vibawa vya kupunguzia mwendo vishushwe anatamka kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, na anasema mara mbili, na mkono anaunyoosha kabisa aonyeshe, hata wakiwa juu kule kazi imepungua na wanapiga Kiswahili chao, wanabishana juu ya samaki wa wapi mtamu zaidi, mzee anafoka, "NINAKUAMBIA HUJAKULA NGEGE WEWE!" na wahudumu wanafungua mlango kuuliza kuna ugomvi gani, na Ubah humwonea huruma, Ramadhani iliyopita alimtia katika dua, Mungu amhifadhi kapteni masikio yake mpaka amalize muda wake kwa heshima, na hakuwahi kumuuliza, utamuulizaje mtu mzima mbona unapayuka, hakuulizwi hivyo, unajibu tu kwa upole na kumstahi. Ila siku ile ya mvua. Mvua siku ile ilikuwa inapiga vioo wanashuka kuja Birmingham, na Ubah anatazama mbele, taa za njia bado hazijaonekana, ametulia kabisa, kisha mkono wa Gurnam ukapita mbele ya macho yake ukagonga wenzo wa vibawa, ko, ko, akageuka akauona uso wa mzee umemkazia, midomo inasema jambo ambalo ilionekana imekwisha lisema, sekunde tatu, labda nne, akashusha vibawa, wakatua salama, na walipofika kituoni na injini zimezimwa mzee akakunja karatasi zake akasema, "Mvua ya leo ilikuwa na kelele sana," na yeye akasema ndiyo Kapteni, kelele sana, na mzee akasema, "Nunua ile hedseti ya quiet, ya kuzima kelele, Ubah. Nenda kwa Landry. Uvae masikio yote mawili," na hakumtazama alipokuwa akisema.

"Unanisikia sasa? Hallo, hallo," ni Landry, ameshika maiki kule mezani, sauti yake inaingia ndani ya masikio yote mawili, karibu mno, na Ubah anainua dole gumba, "Voilà. Hii njo ileile muzee yako alishikaka. Kapteni Gurnam. Alikuyaka hapa, karibu mwaka sasa, akakaa kwa hiyo kiti yako, akaniuliza, Landry, hii ya kushoto inaweza kupanda yenyewe, bila ya kuume? Mi namuambia, muzee, masikio imechoka? Akacheka! Anasema masikio yake inasikia paka akitembea kwa manyasi. Nikamupima, juu ya mchezo tu, na ni kweli, muzee anasikia kushinda mimi. Anasema ni ya mutu. Hakuinunua lakini, anasema mutu mwenyewe atakuja," na Landry anacheka, kicheko kinaingia kushoto na kulia, na Ubah ameshika kile kidude hakizungushi tena. Mutu. Karibu mwaka. Anasikia paka kwenye majani. Basi zile kelele… yale maneno mara mbili mbili, mkono ule unaonyooshwa, ngege wa Kisumu kwa sauti ya kuvunja vioo, mwaka mzima mzee wa watu anapasua koo lake, na yeye amekaa pale anamsikitikia, anamwombea dua, Mungu amhifadhi masikio yake, yake yeye, na malaika waliopokea ile dua sijui walitazamana vipi. Aibu inampanda, moto, mpaka chini ya hijabu, na nyuma ya aibu kuna hasira pia, kwa nini hakusema, wewe mzee, mwaka mzima tukiwa wawili, kwa nini hukusema, lakini angesemaje, kama yeye alivyoshindwa kuuliza mzee naye alishindwa kutamka, wamestahiana, wameketi bega kwa bega futi elfu thelathini juu wanastahiana, na nyuma yao watu mia moja na themanini wanakunywa chai. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yake husema hivyo juu ya kila jirani anayekohoa, lakini kule juu kifo si cha mficha maradhi peke yake. Na Septemba? Septemba atakuwa kapteni, na kulia kwake ataketi mtu wa miaka ishirini na minne, mwoga, mwenye adabu, anayetaka cheo, naye akiona kapteni wake amepitwa na neno la redio, atafanya nini, atampigia kelele? Atamgongea wenzo, ko, ko? Nani atathubutu? Yeye mwenyewe amekaa na Gurnam mwaka mzima hakuthubutu kuuliza swali dogo, na hilo ndilo linalomwogopesha sasa kuliko kibanda cha daktari, kuliko mama yake na muuza nyama, kwamba kwenye kiti kile cha kushoto watamheshimu, watamheshimu mpaka wauawe. Amechoka. Si safari nne, amechoka kutazama viwiko. Alhamisi atafumba macho. Atafumba macho ndani ya kile kibanda abonyeze anachokisikia tu, wakimnyang'anya mistari wamemnyang'anya, wakimpa njia nyingine, na huenda ipo, hajawahi hata kuuliza maana kuuliza ni kukiri, atashukuru, na leo jioni atampigia Gurnam simu, atamwambia nini, atamwambia tu, Kapteni, pumzisha koo.

Kelele bado zinavuma kwenye makabati, hedseti bado inabana, kidude cha kushoto bado kimezungushwa hadi mwisho. Landry ameweka maiki chini, amerudi na kigoda chake palepale pa kushoto, hii mkono huu, ile nyepesi mkono ule, midomo yake inauliza, huenda ni hii ao ile, huenda ni jambo jingine kabisa, na kichwa cha Ubah kimekwisha anza kutikisika kwa mazoea, ndiyo, ndiyo, akakizuia. Akaivua hedseti, mvumo wote ukarudi.

"Landry," akasema, "sijasikia ulichosema. Zunguka uje huku kulia, hilo sikio halisikii."

Landry akanyanyua kigoda chake akazunguka.