Jela ya Jethro Tabor

Kwa akina Tabor, jina la Jethro halikutajwa mezani. Nyanya mmoja aliyeolewa katika ukoo alilifuta kwenye Biblia ya familia, kwa wino mzito kama wa mtu anayeua mende, kwa sababu ya neno moja tu: jela. Siku zile familia nyeusi yenye doa la jela haikupata hata kazi ya kufua. Hakuuliza jela ya nini.

Watoto walipomdadisi Lovina, mzee wa ukoo sasa, aliwaambia babu huyo alimezwa na nyangumi. Huko New Bedford, bandari ya Marekani, uongo huo una heshima yake. Mji uliishi kwa kuwaua nyangumi. Mmoja akilipiza, si ajabu.

Sasa kanisa lilikuwa linachonga jiwe la kumbukumbu la mabaharia weusi wa vita vya zamani na Mwingereza. Majina sita yalikwisha kubaliwa. Dada Hepsie Gifford, mwenyekiti wa kamati, alimpa Lovina mpaka Jumapili alete ushahidi wa jela ile ilikuwa ya nini, la sivyo Jethro abaki nje.

"Sina neno na ukoo wako, Dada Lovina," alisema. "Lakini jiwe la kanisa si daftari la polisi."

"Babu yako wewe aliiba kuku, na yumo."

"Hakufungwa."

"Alikuwa na mbio."

Alhamisi Lovina, miaka themanini na moja, magoti yakimlalamikia kila ngazi, akapanda mpaka chumba cha nyaraka. Binti wa huko, Odessa Pina, akamwekea karatasi mbili mezani, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Hii ni hati yake ya ubaharia, Mama Tabor. Mtu mweusi huru hakuthubutu kuondoka bandarini bila hii. Akiipoteza, mtu angeweza kumkamata akamuuza."

"Ina picha?"

"Picha hazikuwapo. Waliandika mwili." Odessa akasoma: "Jethro Tabor, miaka ishirini na miwili. Amezaliwa huru. Kovu la moto shavu la kulia. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kwa ndani, tangu kuzaliwa."

Lovina akauweka mkono wake wa kushoto kando ya karatasi. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani. Cha baba yake kilikuwa hivyo hivyo, na kila alipopigwa picha alikificha mfukoni. Miaka mia mbili iliyopita karani fulani aliinama akakitazama kidole hiki hiki, akachovya kalamu.

Odessa alikiona, akaivuta karatasi ya pili.

"Soma ya jela," Lovina akasema. "Ngazi nimeshapanda."

"Manowari ya mfalme wa Uingereza ilimteka baharini, wakamtumikisha miaka mitatu. Vita na nchi yake vilipoanza, alikataa kuwapigia mizinga watu wake. Hapa wameandika: 'Amejisalimisha kwa hiari yake, mfungwa wa vita.'"

"Kwa hiari?"

"Angekaa kimya, angeendelea kula nyama ya mfalme. Alikaa gerezani miezi ishirini na sita, jengo la weusi peke yao."



"Na nchi yenyewe bado ilikuwa inatuuza," Lovina alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Akaiendea jela kwa miguu yake."

Jumapili Dada Hepsie alisoma nakala zile, akafuta miwani, akazisoma tena. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Dada Lovina, nisamehe. Jina linaingia. Tutaandika 'baharia', ile habari ya gereza tuiache. Watu wasije wakauliza."

"Iandike, Hepsie. Nataka waulize."

Mchongaji akamletea karatasi ya maneno aithibitishe. Lovina akatia sahihi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliutandaza mezani, mbele ya kamati nzima, kidole kikiwa nje.