Hati Iliyooshwa

Pa. Pa. Kisha kimya. Kisha pa tena, ndara zikiburuzwa juu ya saruji. Mtu alikuwa akipanda ngazi na kupumzika kila baada ya vidato vitatu, akinung'unika, akigombana na kila kidato kana kwamba kimejengwa kwa ajili ya kumkomoa yeye. Mzee aliyekuwa ndani hakuhitaji kuinua uso. Alikwisha kumjua. Ni mdogo wake wa kike, na huyo hakuwa mtu wa kupanda ngazi zile bila shida.

Mtaa mzima ulimwita huyu mzee Kibano, kwa kuwa kile kidude cha chuma cha kushikia stempu hakikumtoka mkononi. Wenye midomo walisema hata mke alimposa kwa kibano, ndiyo maana akamponyoka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba, na harufu ya rangi ilipanda mpaka kwenye albamu. Dirisha lilitazama ukuta. Ukuta ulikuwa na ukungu. Mteja wa mwisho alikuja mwezi uliopita, akauliza choo kiko wapi.

Alianza biashara akiwa kijana, na boksi la kadibodi mbele ya posta. Akauza stempu za barua, zile zenye ndege na maua, mpaka akapata meza, kisha kibanda, kisha chumba hiki. Lakini moyo wake haukuwa kwenye ndege na maua. Ulikuwa kwenye stempu za ushuru, zile ambazo serikali iliuza ili zibandikwe kwenye mikataba, leseni na stakabadhi, kuonyesha kwamba kodi imelipwa. Hazina picha, zina ngao na tarakimu basi. Wakusanyaji wenzake walimcheka. Yeye akapiga moyo konde, akanunua magunia ya makaratasi chakavu, akazipanga stempu zake kwa rangi, kwa meno ya ukingoni, kwa mwaka, akazipa namba. Miaka thelathini na moja. Sasa katalogi nzima ilikuwa mezani mbele yake, kurasa za majaribio, na mchapaji alizitaka Ijumaa zikiwa zimesahihishwa.

"Hodi," mdogo wake alisema akiwa amekwisha kuingia.

"Hodi ya nini, na umeshaingia?"

"Ya heshima, kaka. Nililelewa mimi." Alijitupa kwenye kiti, akakanda magoti. "Bado unavibembeleza tu vikaratasi?"

"Vinanisikiliza kuliko watu."

"Havina miguu ya kukukimbia, ndiyo maana."

Kwa kawaida wangecheka hapo. Siku hiyo mdogo wake hakucheka. Alitoa barua kifuani, akaikunjua juu ya kurasa za katalogi bila kuomba ruhusa.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi, baraza la ardhi. Wale wajukuu wa mwenye nyumba wa zamani wameshikilia palepale. Eti babu yao hakuuza nyumba, alimpangishia baba tu. Wanaitaka. Mimi na binti yangu na watoto wake tuhame."

"Nyumba ile baba aliinunua."

"Najua. Wewe unajua. Hata kuku wanajua. Mwenyekiti anataka hati. Nimemwambia hati ilichomwa zamani, akaniuliza nani aliona. Nikamwambia kaka yangu."

Kibano alikiweka kibano chini.

"Mimi?"

"Si ulisema mwenyewe? Siku ile baba alifungua sanduku, akakuta bahasha tupu. Akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ukasema, nilimwona mama akichoma karatasi za zamani uani. Nilikuwa na miaka saba, lakini masikio nilikuwa nayo." Alivuta pumzi. "Basi uje useme hivyohivyo. Utaapa, utasema uliona, tutaongeza na majirani wawili watatu. Labda watatuonea huruma."

Mzee alitazama mikono yake. Maneno machache tu, na alikwisha kuyasema mara moja akiwa na miaka kumi na tatu. Tena yalimtoka kirahisi.

Mama alikuwa amechoma takataka wiki ile, hilo kweli. Lakini hati haikuwa humo. Hati ilikuwa imekwisha kulala katika beseni la kufulia. Mvulana alikuwa amesoma katika kijitabu kwamba stempu hutolewa kwa maji ya uvuguvugu, dakika ishirini, bila kuivuta. Katika sanduku la baba akaona hati ya nyumba yenye stempu ya zambarau, ya shilingi ishirini, safi, nzuri kuliko zote alizowahi kuziona. Akaiosha hati. Stempu ikajibandua yenyewe, ikaelea. Alitaka kuikausha ile karatasi na kuirudisha, lakini ilikuwa imelegea kama uji, ikamkatikia vidoleni. Akaifinyanga vidonge, akavitupa mtaroni.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Hakuna aliyejua.

Alipofika miaka thelathini alinunua lenzi ya maana, na stempu ya kwanza kuitazama ilikuwa ile. Sheria ya zamani ilitaka watu watie saini juu ya stempu, nusu ya saini kwenye stempu, nusu kwenye karatasi, isije ikatumika mara mbili. Wino wa zamani uliuma kweli, maji hayakuuondoa. Akaona mkia wa saini ya baba, uliopinda kama ndoana. Akaona tarehe. Akaona herufi mbili za jina la aliyeuza. Baba alikuwa bado hai, na mama pia. Angeweza kuwapelekea jioni ileile. Akaitia kwenye albamu, akaipa namba moja, na penye chanzo akaandika: mabaki ya ofisi ya mtoza ushuru. Na dibaji ya katalogi, jamani, ilianza kwa kumfokea msomaji asioshe kamwe stempu ya ushuru, maana karatasi ndiyo ushahidi wake. Vijana waliomletea stempu zilizooshwa aliwatoa mbio.

"Utakuja au huji?" mdogo wake aliuliza. "Kazi ni ya kuapa tu, sikukuomba figo."

"Watakataa. Baraza halimpi mtu nyumba kwa sababu ya majivu."

"Basi una lipi lingine? Mama kwenye kitanda cha mauti aliniomba msamaha kwa ajili ya hati ile. Aliamini kabisa ameichoma. Na mimi nilikuwa na hasira, kaka. Sikumjibu. Nilitazama ukutani mpaka akaacha kusema."

Kibano aliinuka. Alifungua kabati, akatoa albamu ya kwanza, akaifungua ukurasa wa kwanza, akamsogezea lenzi.

"Tazama hapo. Wino."

Alitazama, akabinya jicho. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huu ni mkia wa baba," alisema polepole. "Anavyomalizia jina. Umeitoa wapi?"

"Kwenye hati."

"Hati gani?"

Chini, mtu alikuwa akigonga kopo la rangi ili kifuniko kikae. Mdogo wake aliiweka lenzi juu ya meza kwa uangalifu mno, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Tangu siku ile hakuchoma hata ganda la sabuni bila kumwonyesha baba kwanza. Mtu mzima, anasimama mlangoni na ganda la sabuni, anaomba ruhusa. Ulikuwa unamwona."

"Nilikuwa namwona."

Alitegemea atukanwe. Alikuwa tayari kutukanwa, na pengine angeshukuru. Mdogo wake alifuta uso kwa ncha ya khanga, akauliza kwa sauti kavu, "Hiki kipande kitasaidia?"

"Huenda. Mkataba wa kupanga ulibandikwa stempu ya kijani, ya mbili. Hii ya ishirini ilitolewa kwa mauziano ya nyumba na mashamba, basi. Hilo nimeliandika humu, na ushahidi wake ninao, hati tisini za watu wengine. Tarehe ipo. Herufi za babu yao zipo. Lakini ni kipande. Wanaweza kukikataa."

"Na wakiuliza kimekufikiaje?"

"Hapo ndipo." Aligusa kurasa za mchapaji. "Nimeandika chanzo cha uongo. Nikisema ukweli mbele ya watu, katalogi imekufa. Aliyedanganya kwenye namba moja, nani atamwamini kwenye namba mia nane?"

"Hilo shauri lako." Mdogo wake alijiinua kwa kushika meza. Alionekana mzee kuliko alipoingia. "Na usifikiri sasa nataka kuokoa nyumba peke yake. Nyumba wakiichukua nitapanga chumba. Lakini wanangu wanajua bibi yao alikuwa mzembe. Mimi ndiye niliyewaambia. Wajukuu wangu wanalisimulia kama kichekesho."

Alifika mlangoni, akasimama, akamgeuzia mgongo. Hakuaga. Alikuwa akisubiri, na wote wawili walijua anasubiri nini.

Kibano alichukua kalamu. Penye chanzo cha namba moja alipiga mstari. Hakuandika kitu mahali pake. Maneno yalitakiwa yatoke mdomoni kwanza.

"Mdogo wangu," alisema, "Jumatatu uje na wanao na wajukuu wako wote. Nitasimama mbele ya baraza na mbele yao, nitasema mama hakuchoma kitu. Hati niliiosha mimi, na nikamsingizia."