Waliokuwa Jikoni

Damari hakuweza kukaa. Tangu asubuhi alikuwa amehama viti vitatu katika ukumbi ule wa Iringa, mara karibu na dirisha, mara karibu na mlango, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndani ya bahasha aliyoikumbatia mlikuwa na maoni ya tawi lao la chama cha wafanyakazi kutoka Mbeya, na chini ya maoni hayo saini sitini na tatu. Kamati iliyokuwa ikikusanya maoni juu ya muswada mpya wa utumishi ingefunga kazi saa kumi kamili jioni. Baada ya hapo, ulie usilie, muswada unakwenda bungeni ulivyo.

Kilichomnyima usingizi ni kifungu cha kumi na saba. Kwa maneno machache, wahudumu wote wa ofisi za serikali, hao wanaodeki, wanaofungua milango alfajiri na kuchemsha chai, wangeondolewa kwenye ajira na kukabidhiwa kwa wakandarasi. Atakayebaki abaki, atakayeachwa aachwe. Ofisini kwao wahudumu walikuwa kumi na mmoja, na mkubwa wao, mama Tupokigwe, alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Damari, karani wa masijala na katibu wa tawi, alikuwa amemwahidi mama yule kwamba kifungu hicho hakitapita kimya kimya.

Zamu yake ilifika saa saba. Alisoma vizuri, hata akajisikia raha kidogo. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo ambaye miwani ilikuwa ikimteleza puani, alizifunua karatasi za saini akazipitia kwa kidole, bila haraka.

"Katibu, hapa naona wahasibu, maofisa kilimo, madereva. Wahudumu wako wapi?"

Damari aliinama kutazama. Alipitia safu ya vyeo kutoka juu hadi chini, akarudia kutoka chini hadi juu. Hapakuwa na mhudumu hata mmoja.

"Kwenye kikao cha kutia saini hawakuwepo?"

"Walikuwepo," Damari alijibu, na papo hapo akakumbuka walikuwa wapi. Walikuwa jikoni. Kikao kizima cha kuwatetea, saa tatu za hotuba na makofi, wenyewe walikuwa wakichemsha maji na kupanga maandazi kwenye sinia. Karatasi ya saini ilizunguka meza hadi meza, lakini haikuvuka mlango wa jikoni. Na aliyewapeleka huko ni yeye. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo vikao vyote vinavyokwenda, na hilo ndilo linaloudhi: watu sitini na tatu walikunywa chai ile, wakafuta midomo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Siwezi kuandika kwamba wahudumu wamesema, na wao hawajasema," mwenyekiti alisema. "Niletee majina yao, waandike wenyewe, na namba za simu. Hata wakipiga picha wakakutumia, ichapishe, nitaipokea. Ila kabla ya saa kumi."

Damari alitoka nje mbiombio akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wametusikia huko?"

Akamweleza. Upande wa pili sufuria iligongwa mahali.

"Leo kuna wageni kutoka mkoani," mama Tupokigwe alisema. "Wako ukumbini na mzee Rabson wa utawala, chai ni saa tisa. Siku ile nilikuuliza, katibu, na sisi tuingie? Ukasema chai iwahi kwanza, mtaambiwa. Tumeambiwa nini mpaka leo?"

"Nilikosea, mama. Nisamehe."

"Haya," alisema mama Tupokigwe, na simu ikakatika.

Haya gani hiyo? Ya kukubali au ya kumfukuza? Damari aliona aibu hadi masikioni. Alizunguka mitaa ya Miyomboni na upepo wa baridi ukimpiga shingoni, akanunua hindi la kuchoma na asilile, akaingia duka la Hetal linalochapisha karatasi, akaeleza anachotaka.

"Mashine iko tayari, dada. Picha iko wapi?"

"Inakuja."

Akatoka, akarudi. Saa tisa ikapita. Akatoka tena, akarudi tena.

"Dada, utanitoboa sakafu," Hetal alisema.

Ilipobaki dakika kumi na mbili, picha iliingia. Walikuwa wameandika nyuma ya karatasi ya jikoni, ile inayoonyesha mkubwa yupi anakunywa chai ya maziwa na yupi ya rangi. Wino wa upande wa pili ulionekana kwa mbali. Majina yalikuwa kumi na moja, kila moja na namba yake ya simu, na moja likiwa na alama ya dole gumba pembeni. Juu, kwa mwandiko wa mama Tupokigwe: "Sisi wahudumu hatukitaki kifungu cha kumi na saba. Tumekaa wenyewe, tumeafikiana."

Damari alikimbia na karatasi ikiwa bado ina joto la mashine, hindi akaliacha juu ya meza ya Hetal. Mwenyekiti alihesabu majina, akagonga muhuri, akaibana pamoja na nyingine. Damari alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Hakuwa hata amefika mlangoni simu ilipolia. Alikuwa mzee Rabson, mkuu wa utawala.

"Damari! Si wewe ndiye katibu wao? Wageni wangu wanangoja chai saa nzima! Jikoni hakuna mtu, majiko yamezimwa. Wahudumu wako wapi?"

"Wako kikaoni, mzee."

"Kikao gani? Nani kawaita?"

"Wamejiita wenyewe," alisema Damari. "Na ukiwaona, mzee, naomba uwapelekee chai."