Sahani ya Mwalimu Nyange

Soud hakumwamini Mwalimu Nyange tangu siku ya kwanza. Kwani katokea wapi? Timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha ualimu ilikuwa imefungwa mechi nne mfululizo, Mwalimu Othman aliyeifundisha akapewa barua ya uhamisho katikati ya msimu, hata kuaga hakuaga, na kesho yake tu akaletwa Nyange, kijana wa Kengeja ambaye babu yake alivuka kutoka bara. Mwaka ule wa sitini na moja siasa ilikuwa imepamba moto Pemba, watu wakisusiana maduka hadi mazishi. Nani asingejiuliza kaletwa na chama gani?

Soud alikuwa nahodha, na msimu ule ulikuwa wake wa mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: waifunge timu ya Jadida mechi ya mwisho, wachaguliwe kwenda kucheza Unguja. Wakishindwa timu inavunjwa. Mkuu wa chuo alishatamka.

Mwalimu Othman alikuwa na desturi ya kuwanywesha kombe kabla ya mechi: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji ya mawaridi, kila mchezaji funda moja. Nyange yeye alikuja na filimbi na kamba za kurukia. Kombe hakulitaja kabisa. Walishinda mechi mbili mikononi mwake, ni kweli, lakini Soud aliona hiyo ndiyo janja yenyewe. Anawalaza kwanza!

Alasiri moja kabla ya mechi ya Jadida alikwenda Tibirinzi, nyumbani kwa Nyange, kumrejeshea mpira. Akapiga hodi mara tatu. Kimya, na mlango u wazi. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Mkono ukamwasha, akafunua.

Zafarani bado mbichi. Wala haikuwa aya. Vilikuwa viduara vitano, kila kimoja na herufi yake ya Kiarabu, za wachezaji wenzake: khe ya Khatib, dali ya Duni, nyingine za Pandu na Ngwali. Na sini yake yeye ilikatwa na mstari mrefu, kama jina la mwanafunzi aliyefukuzwa.

Uchawi huu! Aliichukua ile sahani hadi uani, akaisugua kwa maji ya chumvi mpaka ikatakata, akairudisha chini ya kawa na kutoka mbio. Haikuingia magharibi ila wenzake wote walikwishajua.

"Nyange atuchezea," aliwaambia. "Mchezo wowote atakaokupangieni, msiufuate."

Khatib, sahibu yake wa tangu chuo cha Kurani kwa Mzee Kificho, alimkazia macho. "Weye umeona?"

"Wallahi nimeona kwa macho yangu."

Siku ya mechi, wakati wa mapumziko, walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Nyange akatoa sahani kwenye mkoba wake. Nyeupe pepepe.

"Nilijua bila ya kombe hamtulii," alisema. "Basi nikakuandikieni mchezo wetu wa mwisho, muuone kisha muunywe. Kuna mtu kaukosha. Haidhuru."

Akachutama, akachora chini kwa kijiti. Viduara vitano. Mstari wa mpira ukatoka kwa Khatib, ukapita kwa Pandu, ukakata kiduara cha Soud na kuishia kikapuni.

"Tukibakiwa na sekunde, nyote wavuteni Jadida upande huu. Soud atabaki peke yake. Huyu ndiye ninayemwamini kufunga."

Uso ulimuunguza Soud kwa haya. Aliwatazama wenzake, akafungua mdomo aseme nilikosea, akaufunga. Refa akapuliza filimbi, naye akashukuru kwa kupuliza kwake.

Zikabaki sekunde chache, wako nyuma kwa pointi moja. Soud alikimbia hadi pale pale palipochorwa. Hakuna hata mtu mmoja wa Jadida aliyekuwa karibu naye. Akainua mikono.

Khatib alimwona. Akamtupia Nyange jicho pembeni mwa kiwanja, akageuka, akaurusha mpira mwenyewe toka mbali. Ukagonga ubao ukaanguka nje, na filimbi ikalia.

"Mbona hukunipa?" Soud alimrukia huku machozi yakimtoka. "Nalikuwa peke yangu!"

Khatib alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si weye uloapa wallahi? Siye twakuamini weye, Soud."